Mchango wa Hiari, Mwisho Ijumaa

Jamani, kitu kikiwa cha hiari halafu kikawa na tarehe ya mwisho, hiari hiyo ni ya nani? Nauliza kwa sababu Mshamu, mwanangu mkubwa, kaja na kikaratasi kutoka shule ya serikali anakosoma. "Mzazi unaombwa kuchangia kwa hiari hela ya mitihani ya kila wiki. Mwisho Ijumaa." Chini yake muhuri. Ombi lenye muhuri! Mimi nikija kwako kukuomba chumvi nitakugongea muhuri?

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, kuanzia awali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 wakaingizwa na wa kidato cha tano na sita. Sina ubishi hapo, ada ya Mshamu sijawahi kuidaiwa. Ninachodaiwa ni mlinzi, uji, rimu, masomo ya ziada na ufagio wa chelewa. Huo ufagio ndio unaoninyima usingizi. Kila Januari kila mtoto anapeleka wake, na shule ina watoto wengi mpaka wanasoma kwa zamu. Mafagio yote hayo yangetosha kufagia kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Kongowe na mchanga ukaisha. Lakini ukipita pale shuleni unakuta mtoto anafagia na tawi la mwarobaini.

Mdogo wake, Nasra, tumempeleka shule ya kulipia, ya Kiingereza. Nasema "tumempeleka" kwa heshima ya ndoa. Mama yao alisikia mtoto wa jirani anamfukuza kuku kwa Kiingereza, basi, kikao kikafungwa.

Huko hakuna hiari. Huko kuna sweta. Sweta zito, la bluu, lenye nembo, linauzwa shuleni tu, ukilishona kwa fundi mtoto anarudishwa getini. Sasa mimi nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo, Januari hii jua linawaka mpaka grisi inayeyuka kwenye kopo, na mwanangu yuko darasani amevaa kama anakwenda kulima viazi Makete. Nikauliza kistaarabu: madamu, hili sweta ni la nini? Akanijibu, "Ni utaratibu, Baba Nasra." Madamu mwenyewe ni binti mdogo, mtaani angeniamkia. Pale ofisini, na lile faili mbele yake, nusura nimwamkie mimi.

Halafu kuna daiari. Kila jioni mzazi asaini. Madamu anaandika humo kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya vipuri. Kwa hiyo anayenisomea barua ya kumsema Nasra ni Nasra. Juzi ilikuwa ndefu, wino mwekundu, mistari imepigwa chini. Nikamuuliza anasemaje. Mtoto akaitazama, akanitazama, akasema, "Madamu anasema niongezewe hela ya kula." Nikaongeza. Mpaka shemeji yangu alipokuja Jumapili na kuisoma, kumbe Nasra hajamaliza zoezi la hesabu tangu wafungue shule, na amenona.

Grupu la wazazi la WhatsApp nalisema haraka haraka maana presha yangu si nzuri. Tangazo likiwekwa kwamba ada ya awamu ya pili mwisho tarehe fulani, wazazi wanajibu "Amina". Kuna mmoja anatuma mikeka ya kubeti mpira. Kuna mama anauza vitenge. Ukiuliza swali la maana, kwamba gari la shule leo mbona limechelewa, unajibiwa na watu kumi na wote wanauliza swali hilo hilo. Na hilo gari linamchukua mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri! Namsimamisha barabarani amelala kwa wima, namkabidhi kwa dada wa gari bado ana ndoto yake.

Lakini yote hayo nayasamehe. Nisichosamehe ni udongo.

Saa tatu usiku, nimeshakula, nimevaa msuli, Nasra anasema, "Baba, kesho tunatakiwa tupeleke udongo wa mfinyanzi." Umeambiwa lini? "Jumatatu." Leo? Alhamisi. Sasa nyie mnaoijua Mbagala niambieni, udongo wa mfinyanzi unatoka wapi? Kule kwetu ukichimba unakuta mchanga, ukiendelea unakuta mchanga. Watu wanasema bonde la Mzinga upo, haya, nenda Mzinga usiku na msuli. Nikakumbuka jirani yangu Bi Zuhura anachimbisha shimo jipya la choo, na kule chini udongo hutoka mzito. Nikachukua jembe na mfuko wa rambo, tochi ya simu nikaing'ata kwa meno.

Nimechota kidogo tu, dirisha likafunguka.

"Nani huyo?"

"Bai Bashra." Nina simu mdomoni.

"Nani?"

Nikaitoa. "Baba Nasra, Bi Zuhura. Nachukua udongo kidogo."

"Udongo wa kwangu? Saa hizi? Wa nini?"

"Wa shule."

Kimya. Halafu nikasikia anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya mtaa mzima.

Asubuhi mjumbe wa nyumba kumi yuko mlangoni kwangu na wazee wawili. Kwamba kuna malalamiko. Kwamba Bi Zuhura amekesha na mguu unamuuma tangu usiku ule. Mguu ambao unamuuma tangu tumehamia! Najieleza, mjumbe anatikisa kichwa tu: "Tunakuelewa, lakini leta ushahidi." Ikabidi madamu aandike barua kwamba ni kweli, mwanafunzi aliagizwa udongo kwa somo la sanaa. Ikapigwa muhuri. Siku hiyo na mimi niliupenda muhuri. Na chungu chenyewe kikapasuka kabla hakijakauka, Nasra akapata sita kwa kumi na maelekezo ya wino mwekundu: "Mzazi aongeze juhudi."

Sasa sikilizeni hili, maana nimeligundua juzi na sijapona. Mtaala mpya ulianza 2024. Nasra alikuwa darasa la tatu, akaingia kwenye mpya, ambao shule ya msingi inaishia la sita. Mshamu alikuwa la nne, akabaki kwenye wa zamani, anaishia la saba. Hebu pigeni hesabu. Wote wawili wanamaliza 2027. Januari 2028 nina kidato cha kwanza wawili kwa mpigo: kauntabuku za kwaya tatu tatu, sare mbili mbili, viatu viwili viwili, na mafagio.

Nikamwamsha mama yao usiku nikamweleza. Akakaa kitandani, akafikiri sana, mpaka nikaona hapa sasa nimepata mwenzangu wa kulia naye.

Akasema, "Tutaomba watupunguzie kwenye masweta."