Microsoft isiiuze Xbox

Kila Microsoft inapotoa hesabu za robo mwaka na mauzo ya Xbox, mashine zake za kuchezea gemu, yakaonekana yameshuka, wimbo huwa ni uleule: iuzeni, mbaki na Windows, Office na huduma za wingu. Kati ya Julai na Septemba 2024 mapato ya mashine hizo yalishuka kwa asilimia 29. Ni anguko kubwa, wala sitaki kulipunguza. Ila wanaoishika namba hiyo ili kudai biashara nzima ipigwe mnada wanapima upande ambao haujawahi kuleta faida.

Hilo si neno langu. Mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple kule California, Lori Wright wa Microsoft aliulizwa mahakamani kuhusu faida ya kuuza Xbox. Akajibu kwamba kampuni haijawahi kupata faida kwenye mashine yenyewe. Fedha inapatikana baadaye. Gemu ya dola 60 ikiuzwa kwenye duka la Xbox, asilimia 30, yaani dola 18, inabaki Microsoft, hata kama gemu hiyo imetengenezwa na watu wengine kabisa. Juu yake kuna ada za kila mwezi, hasa Game Pass, huduma ya kulipia ili ucheze gemu nyingi, iliyoanza 2017. Mashine ni mlango wa duka, na hakuna mfanyabiashara anayelalamika kwamba mlango haumwingizii hela.

Na Microsoft inajua vizuri maisha ya kukosa mlango wake. Kwenye simu ilishindwa. Ilinunua kitengo cha simu cha Nokia mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni. Matokeo yake yalionekana 2020, ilipotaka kupeleka huduma yake ya kucheza gemu kupitia intaneti kwenye iPhone. Kanuni za Apple ziliizuia programu hiyo, na ikabidi Microsoft izungukie kwenye kivinjari. Kampuni kubwa kiasi kile, yenye seva zake na gemu zake, ilisimamishwa na kanuni za duka la mwenzake. Kwangu mimi hoja hii peke yake inatosha.

Wapo wanaosema: sasa Microsoft ina studio nyingi, itengeneze gemu tu iwauzie watu wa PlayStation ya Sony na wa Nintendo, kama Sega ilivyofanya baada ya kuachana na mashine yake ya Dreamcast mwaka 2001. Naona hawa wanafananisha visivyofanana. Sega iliondoka kwa sababu mfuko ulikuwa umekauka. Microsoft ilitoa dola bilioni 68.7 kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, ununuzi uliokamilika Oktoba 2023. Kupeleka gemu PlayStation sipingi, ni fedha halali. Lakini kila nakala inayouzwa kwenye duka la Sony inamwachia Sony fungu lake, na siku Microsoft haina mashine yake, itakaa mezani na Sony ikiwa haina pa kwenda.

Wazo la kuuza si geni. Mwishoni mwa 2013, Microsoft ikitafuta bosi mpya, vyombo vya habari viliripoti kwamba Stephen Elop, mmoja wa waliotajwa, angefikiria kuiuza Xbox. Kiti akakipata Satya Nadella, Februari 2014. Septemba mwaka huohuo akatangaza kuinunua Mojang, wenye gemu ya Minecraft, kwa dola bilioni 2.5. Naamini aliona sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa hisa hawaligusi: imani ya wateja, ambayo Microsoft iliilipia ghali. Xbox 360, mashine za kizazi cha pili, zilikuwa zikifa kwa wingi. Duara la taa linalozunguka kitufe cha kuwashia lilikuwa likiwaka jekundu robo tatu, na hapo mchezo umekwisha. Joto la ndani lilikuwa likipanda na kushuka mpaka viunganishi vinakatika. Peter Moore, aliyekuwa akiongoza biashara hiyo, amesimulia hadharani jinsi alivyompelekea Steve Ballmer, bosi wa Microsoft wakati huo, bili ya kuzitengeneza ya dola bilioni 1.15, kiasi cha dola milioni 240 kikiwa ni gharama ya kusafirisha mashine tu. Ballmer akakubali. Julai 2007 dhamana ya ubovu ule ikaongezwa hadi miaka mitatu.

Watu waliorudishiwa mashine zao wakati ule wameendelea kununua, na leo wana makabati ya gemu. Ukiwa na Xbox Series X, mashine ya kizazi cha sasa, unaweza kuingiza diski ya 2005, kama imo kwenye orodha ya zinazokubalika, ikacheza vizuri kuliko ilivyocheza ikiwa mpya. Wahandisi walikaa miaka wakizifufua gemu hizo moja moja, kazi isiyouza mashine nyingi. Sioni mnunuzi gani, akishaichukua Xbox kwa mabilioni, atakayeendelea kulipia kazi ya namna hiyo.

Bei za Xbox zilipandishwa mara mbili Marekani mwaka 2025, na hilo limewaumiza wateja walewale. Juni mwaka huo Microsoft ilitangaza kwamba inatengeneza mashine za kizazi kijacho pamoja na watengenezaji wa chipu AMD. Itoke basi, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na iwe na sehemu ya kuingizia diski.