Kikao cha wazazi saa 3, maji yanakupwa saa 4

Mwanangu wa darasa la nne alinipa karatasi usiku, imekunjwa mara nne na imeshaingia doa la urojo. Imeandikwa kwamba kila mzazi afike skuli kesho, Jumatano, saa 3 asubuhi bila ya kukosa, na aje na jembe au fagio. Nikamuuliza ameipata lini, akasema Jumatatu. Mimi nauza nguo kwenye duka la mtu Darajani. Tajiri wangu ni mtu wa kusikia, lakini kumpigia simu saa 4 za usiku kumwambia kesho sifungui ni kumtia hasara, na siku nisiyokwenda silipwi. Sikwenda. Alhamisi mtoto alirudi amenyamaza, hata wali hakuutaka. Baadaye ndiyo akasema kwamba watoto ambao wazazi wao hawakufika walisimamishwa mbele ya mstari.

Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini nikiweka uchungu pembeni, naona hapa pana suala linalozungumzwa majumbani na vibarazani kote Unguja na Pemba: mzazi anayehangaikia riziki kutwa atajitolea vipi kwenye skuli ya mwanawe? Skuli ndiyo ijipange kumfuata, au yeye ndiye ajipange? Na wapo wanaosema aachwe kabisa.

Hawa wa mwisho nianze nao, kwa sababu hoja yao ina mizizi. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na kila mwaka siku hiyo tunaiadhimisha. Katika miaka ya 1990 wazazi walianza kuchangia, kisha wakati wa Rais Shein michango ikafutwa, kwanza skuli za msingi na baadaye sekondari. Kwa hiyo mtu akiitwa na jembe lake siku ya kazi anauliza: hii si michango ile ile, imebadilishwa kutoka fedha ikawa jasho? Wazee nao wanakumbuka kazi za kujitolea za baada ya Mapinduzi, zile zilizojenga majumba ya Michenzani. Wengine wanazisimulia kwa fahari, wengine wanasema ukikosa kwenda ulikuwa unaulizwa. Jambo likishakuwa na mahudhurio na adhabu, neno kujitolea halilienei tena.

Hoja hiyo naiheshimu, ila hainitoshi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ongezeko hilo lina watoto wengi ndani yake, na watoto wanataka madarasa. Serikali imejenga skuli za ghorofa, zinaonekana, na bado zipo skuli zinazosomesha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Vijijini tumezoea kuona wanakijiji wakisimamisha madarasa mpaka usawa wa linta, kisha serikali inakuja kumalizia. Skuli za maandalizi zilizo chini ya mpango wa madrasa, unaosaidiwa na Aga Khan na ulioanza hapa 1990, zimesimama kwa mikono ya watu wa mtaani. Ukisema mzazi aachwe, lazima useme na kazi hizo atazifanya nani. Tena kuna kitu ambacho serikali haiwezi kukileta hata ikiwa na fedha: mtoto kumuona mama yake au baba yake amesimama katika uwanja wa skuli yake.

Basi tubaki na wale wawili, skuli na mzazi, na tutazame wanapopishana.

Chukua mwambao wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, wanakolima mwani tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani haulimwi siku unayotaka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na ndipo maji yanapotoka mbali kiasi cha mtu kuyafikia mashamba yake, kufunga mbegu, kukaza kamba na kuvuna. Na kwetu maji ya bamvua hukupwa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Mama ameshashuka pwani tangu saa 2 au saa 3, na anarudi maji yanapomfika kiunoni, gunia kichwani. Sasa mwalimu mkuu akiita kikao Jumatano saa 3 asubuhi katika wiki ya bamvua, amewaita akina mama hawa wachague baina ya kikao na kapu zima la siku zao chache za mwezi. Wasipofika huandikwa kwamba wazazi wa kijiji kile hawajali elimu. Kikao hicho hicho kikisogezwa wiki moja, yakiwa maji mafu, yale yasiyotoka mbali, wengi wao asubuhi wapo majumbani. Haigharimu hata senti. Inataka mtu atazame mwezi kabla hajaandika barua.

Hali ni hiyo hiyo kwa wengine, kila mmoja na bamvua lake. Pemba, karafuu zikishika, nyumba nzima inahamia mikarafuuni, na usiku watu wamekaa ukumbini wanachambua makonyo. Wavuvi wakienda dago, kambi za kuvulia mbali na kwao, hawaonekani kwa wiki kadhaa. Anayefanya kazi hoteli Nungwi anajua zamu zake za wiki kabla hazijaanza, na akipewa taarifa mapema anaweza kubadilishana na mwenzake. Barua ya jana kwa ajili ya leo haimsaidii yeyote kati ya hawa.

Hapa mwalimu naye ana la kusema, na ni zito. Akina sisi tunataka kikao kiwe baada ya alasiri, au Jumamosi, au baada ya Magharibi. Mwalimu huyo ana watoto nyumbani, anapanda gari ya shamba kurudi kwao, na pengine ameshasomesha darasa lililojaa tangu asubuhi. Penye mikondo miwili hakuna hata chumba kilicho wazi mchana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi wazazi tumeubeba huu wa walimu kwa maneno matupu. Kumpunguzia mama wa dukani kwa kumuongezea mama wa ubaoni, kwangu hiyo si suluhu. Nadhani vikao viwili kwa mwaka vya wakati wa jioni vinavumilika, vikijulikana mapema. Zaidi ya hapo tunamdhulumu.

Ndiyo maana naona njia iliyo bora ni kuipeleka kazi ilipo mikono ya mzazi. Mwaka jana mwalimu mmoja alinipa vitabu 46 vya hadithi vilivyokuwa vinachanika majalada, pamoja na karatasi za kaki na gundi. Nilivifunika kwa usiku tatu, baada ya Isha, mwanangu akiwa amekaa pembeni analaza mikunjo kwa mgongo wa kijiko. Kila akimaliza kimoja alikuwa anakisoma kwanza kabla hajanipa kingine, ndiyo maana tulichelewa. Hakuna aliyeniomba ruhusa ya kazini. Kila skuli ina kazi za namna hii: mapazia ya kushona, mabao ya kupaka rangi, mabenchi ya kugongomea misumari. Mwenye gari ya ng'ombe anaweza kuleta mawe akiwa anarudi jioni. Na nilisema neno wazazi kwa makusudi, kwa sababu barua zinaandikwa kwa mzazi, lakini wanaotokea na mafagio ni akina mama. Baba akiombwa kazi maalumu, kwa jina lake, anakuja, nimeona.

Kuhusu makundi ya WhatsApp sina maneno mengi. Yanasaidia kwa wenye simu hizo. Mama mwenye kitochi hayumo, na hata waliomo, tangazo la skuli huzama kati ya salamu na taarifa za misiba. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, na msikiti bado vinafikisha habari zaidi.

Linalonipa tabu zaidi ni fedha. Zipo sehemu mzazi asiyeweza kufika hutoa elfu tano, akalipwa kijana wa kufyeka. Kwa mwenye mume dagoni au zamu ya usiku hospitali, hiyo ni haki. Ametoa alichonacho, na majani yamefyekwa. Lakini nimeona kinachofuata. Wenye fedha wakishazoea kulipa, wanaobaki na majembe ni wajane na wasio na kazi, na taratibu wanaanza kutazamwa kama vibarua wa skuli. Na watoto wanajua ni mama wa nani aliyefagia na ni baba wa nani aliyelipa. Nikipima pande zote, naona kufyeka na kuchota maji kulipiwe kwa anayeweza, kwa siri ya kamati, bila ya orodha kubandikwa ukutani. Kikao cha kuamua mambo ya watoto hakiwezi kulipiwa. Humo ndimo panaposemwa mtoto aadhibiwe vipi na fedha zitumike wapi, na anayekosekana kila mara ni yule yule anayeamuliwa. Kwa hiyo nguvu zote za kutafuta saa inayofaa ziende kwenye kikao hicho, na majembe yatafutiwe njia nyingine.

Mtoto kusimamishwa mstarini kwa kosa la duka la mtu mwingine, hilo halina upande wa pili wa kupima.

Ile karatasi sikuitupa. Nyuma yake nimemuandikia mwalimu kwamba Ijumaa jioni na Jumapili nipo, na kila siku baada ya Isha, na kwamba najua kushona kwa cherehani. Nimeiweka kwenye buku la hesabu la mwanangu, ukurasa wa kazi ya nyumbani, ili mwalimu asiweze kusahihisha bila ya kuiona.