Viwanja vya vijiji Uingereza: wakazi wanachelewa, au wanacheleweshwa?

Kila wakazi wa kijiji cha Uingereza wanaposimama kuzuia nyumba zisijengwe kwenye uwanja wao, huulizwa swali lilelile: mlikuwa wapi siku zote? Miaka nenda miaka rudi watoto wamecheza mpira pale, wazee wametembeza mbwa, na hakuna aliyewahi kufika halmashauri kuuliza uwanja umeandikwa kwa jina la nani. Siku tangazo la maombi ya kibali cha ujenzi linapofungwa kwenye nguzo ya taa, ghafla kila nyumba ina picha za zamani na maelezo ya shahidi ili uwanja usajiliwe kuwa wa kijiji na usijengwe. Waendelezaji wanasema hayo si mapenzi ya nyasi, ni hila ya kuwazuia majirani wapya. Serikali iliikubali hoja hiyo, na mwaka 2013 Bunge likaitungia sheria.

Mimi naona wakazi wameonewa, kwa lawama na kwa sheria yenyewe. Lakini wanaodai nyumba hawapigi porojo, na ni haki wasikilizwe kwanza.

Mwaka 1997 nyumba ya bei ya kati nchini England iliuzwa kwa takriban mara 3.5 ya mshahara wa mwaka wa mfanyakazi wa kati. Kufikia 2023 ilikuwa zaidi ya mara 8. Kaya zaidi ya milioni 1 zimo kwenye orodha za halmashauri zikingoja nyumba za kodi nafuu. Serikali ya Labour iliyoingia madarakani 2024 imeahidi nyumba milioni 1.5 ndani ya muhula mmoja wa Bunge. Vijijini shida hii ina sura yake: muuguzi au fundi bomba aliyezaliwa pale hawezi kununua wala kupanga pale, anahamia mjini, shule ya msingi inapungukiwa watoto, na basi lililopita mara nne kwa siku linapita mara moja. Mwenye nyumba aliyekwisha kumaliza mkopo wake akisema kijiji kimejaa, yule kijana ana kila sababu ya kumtazama kwa jicho la pembeni. Uhaba wa nyumba unampandishia thamani huyo mwenye nyumba, apende asipende.

Kisha yupo mwenye ardhi, ambaye kilio chake husikika mara chache. Chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi za Jumuiya ya mwaka 2006, wakazi wakithibitisha kwamba idadi kubwa yao wametumia eneo kwa michezo na mapumziko kwa miaka 20 au zaidi, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kuomba ruhusa, eneo hilo linaingizwa kwenye daftari la viwanja vya vijiji. Likishaingia, sheria mbili za karne ya 19, ya 1857 na ya 1876, zinafanya ujenzi juu yake kuwa kosa. Mwenye ardhi halipwi fidia. Aliyeweka ukuta na mbwa mkali tangu mwanzo yuko salama. Aliyewaacha watoto wa jirani wacheze ndiye anayepoteza. Wema ndio uliomponza. Haishangazi kwamba wamiliki wengi walianza kuweka uzio na vibao vya katazo mahali ambapo zamani palikuwa na kijia tu.

Hoja hii ni nzito na sina jibu la kuimaliza. Lakini tuangalie sheria hiyo ilikuwa inalinda nini hasa. Kesi iliyofungua njia, chini ya sheria iliyotangulia ile ya 2006, ni ya Sunningwell, kijiji cha Oxfordshire, iliyoamuliwa mwaka 1999 na Baraza la Malordi, ambalo enzi hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Ardhi ilikuwa ya Kanisa, kama ekari 10. Ushahidi ulikuwa wa mambo madogomadogo: watoto kucheza, watu kutembea na mbwa, kurusha tiara, kuchuma matunda ya porini, kuvua samaki kijitoni, kuteleza mlimani theluji ikianguka. Jaji Hoffmann alisema mambo hayo yanatosha. Haikuhitajika michezo rasmi wala mila ya kale, na haikuhitajika mkazi awe anaamini moyoni kwamba ana haki. Ilitosha kwamba alikwenda pale kama mtu mwenye haki anavyokwenda, na mwenye ardhi akanyamaza.

Msingi wake ni wa zamani: jambo lililoendelea muda mrefu hadharani bila ugomvi lisivurugwe. Msomaji wa Kenya anaufahamu, maana Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya nchi hiyo, iliyorithi kanuni za Kiingereza, inampa mtu haki ya njia katika ardhi ya mwenziwe akiitumia kwa amani na waziwazi miaka 20, ijapokuwa ardhi ya umma haimo.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na sheria ya 2013. Iliongeza kifungu cha 15C kwenye ile ya 2006, ambacho kinafuta haki ya wakazi kupeleka maombi ya usajili pale tukio fulani likitokea. Tukio la kwanza kwenye orodha ni kutangazwa kwa maombi ya kibali cha ujenzi. Yaani lile tangazo la kwenye nguzo, ambalo kwa watu wengi ndiyo habari ya kwanza kuwafikia kwamba uwanja uko hatarini, ndilo hilohilo linalofunga mlango. Asubuhi unasoma, mchana unakusanya majirani, jioni mwanasheria anakwambia haki yenu imekwisha tangu tangazo lilipotoka. Hata miaka 60 ya kuutumia uwanja haibadilishi kitu. Hakuna atakayekanusha kwamba mlicheza pale. Ombi lenu halipokelewi, basi.

Wanaoitetea sheria wanasema wakazi walikuwa na miaka 20 ya kujiandikisha. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini ili ujiandikishe ni lazima kwanza ushuku. Ni nani anayeandika kumbukumbu za alasiri za watoto wake, na majina ya mashahidi, na ramani yenye vijia, kwa uwanja ambao hakuna aliyeugusa tangu azaliwe? Mtu hatafuti hati ya kitu ambacho hajawahi kuulizwa ni cha nani. Anayefanya hivyo kabla ya hatari yoyote ni mwanasheria au mtu mwenye wasiwasi kupindukia. Kuwashangaa wakazi kwa kuamka siku ya tangazo ni kuwashangaa watu kwa kutoka nje nyumba inaposhika moto badala ya wiki moja kabla.

Tukio lingine ni rasimu ya mpango wa maendeleo wa halmashauri inayolitaja eneo kuwa linaweza kuendelezwa. Rasimu hizo ni nyaraka nene zenye viambatisho na ramani za rangi, na hutolewa kwa maoni ya wananchi ambayo wananchi wachache huyatoa. Bado mtu anaweza kusema: angalau uwanja umetajwa, msomaji makini angeuona. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliondoa hata faraja hiyo. Katika kesi ya kipande kidogo cha ardhi huko Royal Wootton Bassett, Wiltshire, ilionekana kwamba mpango wa halmashauri haukukitaja kabisa. Ulisema tu kwamba ndani ya mpaka wa mji ujenzi unaofaa utaruhusiwa, na kipande hicho kilikuwa ndani ya mpaka. Mahakama ikasema inatosha. Usajili ukafutwa. Tafsiri hiyo inamaanisha kwamba penye mpango wa namna ile, uwanja wowote ulio ndani ya mstari umeshapoteza kinga hata kama hakuna mwendelezaji aliyewahi kuutazama.

Na mlango hufunguka lini tena? Kwa upande wa kibali, maombi yakiondolewa, au yakikataliwa na rufaa zote zikaisha, au kibali kikikwisha muda bila ujenzi kuanza. Kwa maneno mengine, mkazi anaruhusiwa kujikinga hatari ikishapita.

Serikali ina jibu, na ndilo jibu bora la upande wake. Inasema mahali pa kupima nyumba dhidi ya nyasi ni kwenye mipango, ambako aliye kwenye orodha ya kungoja naye anahesabiwa. Msajili wa viwanja haruhusiwi kuuliza kama kijiji kina uhaba wa nyumba. Anauliza tu kama watu walicheza pale miaka 20. Hilo ni kweli, na anayewatetea wakazi bila kulikubali anadanganya. Inasema pia kwamba tangu 2012 jamii zinaweza kuomba eneo litengwe katika mpango kama eneo la kijani la wenyeji, likiwa karibu nao na lenye thamani ya pekee kwao. Ni njia nzuri kwa kijiji chenye wastaafu wanaojua kuandika barua kwa halmashauri. Lakini huko unaomba upendeleo wa mpango, na mpango hupitiwa upya. Kwenye daftari ulikuwa unathibitisha jambo lililokwisha kutokea.

Mahakama nazo zimebana kutoka upande mwingine. Mwaka 2014 wakazi wa Whitby, mji wa pwani ya Yorkshire, walishindwa kwa sababu uwanja wao ulitengwa na halmashauri yenyewe kwa ajili ya burudani ya umma. Kwa kuwa walikwenda pale kwa ruhusa ya sheria, haikuhesabika kwamba walijichukulia haki. Uwanja uliokusudiwa watu ukawa na kinga ndogo kuliko shamba la mtu aliyesahau kufunga geti. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaongeza, katika kesi za Lancaster na Leatherhead, kwamba ardhi iliyoshikwa na taasisi ya umma kwa kazi ya kisheria kama elimu au afya haisajiliwi ikiwa usajili unagongana na kazi hiyo. Kwa shule ninaielewa. Kwa ardhi ambayo taasisi inataka kuiuza tu, siielewi.

Tuje kwenye hesabu, kwa kuwa mjadala huu hupenda kuzungumza kama vile viwanja vya vijiji ndivyo vinavyowanyima Waingereza mahali pa kulala. Kwa hesabu ya serikali inayonukuliwa tangu zamani, England ina viwanja vilivyosajiliwa kama 3,650, na jumla yake ni takriban ekari 8,150. Hiyo ni hekta kama 3,300. Tuseme tumefyeka vyote, kila mti na kila goli, tukajenga nyumba 30 kwa hekta, kiwango cha kawaida cha mtaa mpya. Tunapata nyumba 99,000. Ahadi ya serikali ni wastani wa nyumba 300,000 kwa mwaka. Yaani tungefuta uwanja wa kila kijiji tupate nyumba za miezi 4, na mwezi wa tano tukabaki tunatafuta ardhi kama mwanzo. Utasema hesabu hii ni ya viwanja ambavyo tayari vina kinga, na vinavyogombewa ni vingine. Sawa, zidisha mara mbili. Ni miezi 8.

Kwa nini basi uwanja hutamaniwa hivyo? Kwa sababu ni tambarare, barabara iko mlangoni, bomba la maji na la majitaka yako hatua chache. Ardhi ya namna hiyo ikipata kibali hupanda thamani makumi ya mara. Mwendelezaji anatafuta faida, si dhambi hiyo, ila tusiiite faida hiyo huruma kwa wasio na nyumba.

Picha ya wakazi nayo inahitaji kusahihishwa. Husemwa ni matajiri wa mashambani. Sunningwell, haya, ni kijiji cha watu wa uwezo. Lakini uwanja wa Whitby ulikuwa katikati ya nyumba za halmashauri. Redcar, ambako mwaka 2010 wakazi walishinda Mahakama ya Juu dhidi ya mradi uliokuwa na nyumba ndani yake, ulikuwa mji wa kiwanda cha chuma hadi kilipofungwa mwaka 2015.  Kwa watu hawa uwanja ndio bustani. Wanairobi tuliwahi kusikia lugha kama hiyo miaka ya 1990 mwishoni, Wangari Maathai alipopigania msitu wa Karura usigawiwe wajenzi: waliouzuia mgawo huo waliitwa maadui wa maendeleo. Tofauti ni kwamba msitu wa Karura uligawiwa gizani, na Uingereza kila kitu hubandikwa hadharani.

Au karibu kila kitu. Huko Shrewsbury sehemu ya uwanja uliokuwa umewekwa amana kwa burudani ya umma iliuzwa kwa mwendelezaji bila tangazo la gazetini ambalo sheria ya serikali za mitaa ya 1972 inalitaka, na kibali cha nyumba 15 kikatolewa. Mkazi mmoja alipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, ambayo Machi 2023 ilikifuta kibali. Pale nani alichelewa?

Marekebisho si magumu, na mfano umo ndani ya sheria hiyohiyo ya 2013. Mwenye ardhi anaruhusiwa kuweka tamko halmashauri kwamba matumizi ya wakazi yasihesabiwe tena. Tangazo linabandikwa, na wakazi wanapewa mwaka 1 kuleta ushahidi wao. Hapo mwenye ardhi mwema ana kinga bila kujenga ukuta, na wakazi wana muda. Kipindi hichohicho kingeweza kutolewa kuanzia siku ya tangazo la kibali, na mara moja tu kwa kila eneo, ili asitokee mtu wa kukitumia tena na tena kukwamisha mradi. Gharama yake ni kwamba baadhi ya nyumba zitangoja mwaka, na chache hazitajengwa pale zilipopangwa. Wanaongoja nyumba wataulipa ucheleweshaji huo, na ndiyo maana ningekubali fidia itolewe kwa mwenye ardhi kutoka mfuko wa umma, jambo ambalo watetezi wengi wa viwanja hawapendi kulisikia.