Kabla ya Kufungua Chupa ya Paladiamu

Mwanafunzi wa kemia siku hizi akitaka kujenga pete ya atomi yenye naitrojeni ndani ya molekuli, wazo la kwanza ni paladiamu, metali ghali inayotumika kama kichocheo. Simlaumu. Tuzo ya Nobel ya 2010 ilikwenda kwa kazi za paladiamu, na mimenyuko yake inastahili sifa. Ila pete nyingi za heterosaikliki, yaani zenye atomi isiyo ya kaboni kama naitrojeni, hujifunga bila metali yoyote, mradi umechagua malighafi zinazopatana, na mimi naamini hapo ndipo pa kuanzia.

Chukua nifedipini, dawa ya shinikizo la damu ambayo hata wajawazito hupewa. Kiini chake ni pete ya dihaidropiridini, yenye atomi sita, moja ikiwa naitrojeni, na njia ya kuijenga aliieleza Mjerumani Arthur Hantzsch tangu 1882. Molekuli moja ya aldehidi, mbili za esta ya asidi asetoasetiki, moja ya amonia. Unachemsha ndani ya alkoholi kwa saa kadhaa. Amonia ndiyo inayoleta naitrojeni ya kwenye pete. Kinachobaki pembeni ni molekuli 3 za maji, basi. Mchanganyiko ukipoa, fuwele za manjano hujitenga, unachuja. Fanya haraka kuzikinga na mwanga, maana nifedipini huharibika mwangani.

Hapo hakuna kichocheo cha bei kali, wala metali ya kusafisha baadaye. Hili la kusafisha hupuuzwa mno. Mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa, unaruhusu mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa siku kwa anayemeza dawa, kwa hiyo kiwanda kinachoitumia karibu na hatua ya mwisho hulazimika kuinasa, kisha kuthibitisha kwa vipimo kwamba imetoka.

Lakini tusidai ovyo kwamba mmenyuko hauna metali. Mwaka 2003 kundi la mkemia Nicholas Leadbeater lilitangaza mmenyuko wa Suzuki, ule wa kuunganisha kaboni na kaboni ambao kwa kawaida hutumia paladiamu, wakidai wao hawakuihitaji. Mwaka 2005 walieleza wenyewe kwamba paladiamu ilikuwamo ndani ya sodiamu kaboneti ya kununua, kiasi cha sehemu 50 hivi katika bilioni, na ilitosha kufanya kazi. Nawaheshimu sana kwa kurudi kupima.

Basi anayeandika leo kwamba amefunga pete bila metali apime malighafi zake zote, arudie kwa kemikali za msambazaji mwingine, na atumie kikorogeo kipya cha sumaku, kwa sababu cha zamani huweza kubeba mabaki ya paladiamu kwenye mikwaruzo yake. Makala isiyo na vipimo hivyo siipokei.