Profesa wa Kimormoni Aliyekataa Kutafuta Sababu

Ninapomsoma Lowell Bennion, kinachonivuta si vitabu alivyoandika wala vyeo alivyopata. Ni kile alichokataa kukifundisha. Kwa zaidi ya robo karne alikuwa mwalimu wa dini katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamormoni, na miaka yote hiyo Kanisa lake halikuruhusu mwanamume mwenye asili ya Afrika kupokea ukuhani. Walimu wenzake walikuwa na maelezo tele ya kwa nini iwe hivyo. Bennion hakuwa na hata moja, na hakutaka kulitafuta. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote aliyowahi kutoa, na sisi Waafrika tuna kila sababu ya kulijua.

Asiyelifahamu Kanisa hilo huenda akadhani ukuhani ni jambo la mapadri wachache. Kwa Wamormoni sivyo. Katika mwaka anaofikisha miaka 12, mvulana hutawazwa kuwa shemasi, na Jumapili yeye na wenzake ndio wanaopita kati ya viti wakiwa na sinia za mkate uliomegwa na vikombe vidogo vya maji, wakiwapa waumini sakramenti. Sasa mfikirie kijana Mweusi wa mwaka 1950 katika kanisa la namna hiyo. Amebatizwa kama wenzake, anajua nyimbo zote. Siku wenzake wanapovaa mashati meupe na kushika sinia, yeye anabaki amekaa kando ya mama yake, na shemasi anayemfikishia mkate ni mvulana aliyecheza naye jana. Akikua hatakuwa mzee wa Kanisa wala askofu. Hataingia hekaluni kufungishwa ndoa ambayo Kanisa linafundisha kuwa hudumu hata baada ya kifo. Wanawake Weusi nao walifungiwa mlango huo huo wa hekalu.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1836, Joseph Smith mwenyewe, mwanzilishi wa Kanisa, akiwa hai, mtu Mweusi aitwaye Elijah Abel alitawazwa kuwa mzee, yaani alipokea ukuhani. Katazo lilitangazwa hadharani na Brigham Young, aliyeliongoza Kanisa baada ya Smith, mwaka 1852, na baada ya hapo wasomi na viongozi wakaanza kulijengea msingi: wengine wakarudi kwenye laana ya Kaini, wengine kwenye laana ya Hamu ambayo wafanyabiashara wa watumwa waliipenda sana, wengine wakasema roho zilizozaliwa katika miili Myeusi hazikuwa na bidii ya kutosha katika maisha ambayo Wamormoni wanaamini kila roho iliyaishi kabla ya kuja duniani. Yaani mtoto anazaliwa tayari ana deni.

Jane Manning James alikuwa mwanamke Mweusi huru aliyetembea kwa miguu na ndugu zake kutoka Buffalo, New York, hadi Nauvoo, Illinois, ili awe karibu na waumini wenzake. Alihamia Utah pamoja nao, akazeeka kule, na aliwaandikia viongozi mara kwa mara akiomba aruhusiwe kupokea baraka za hekalu. Hakuzipata kama alivyoomba. Alifariki Salt Lake City mwezi Aprili 1908. Julai ya mwaka huo huo, katika mji huo huo, akazaliwa Lowell Bennion.

Alizaliwa kwenye nyumba ya wasomi. Baba yake, Milton Bennion, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Utah na baadaye akaongoza shule za Jumapili za Kanisa zima. Lowell alimaliza chuo mwaka 1928, akamwoa Merle Colton, na muda mfupi baada ya harusi akaenda misheni kwenye nchi zinazosema Kijerumani, akimwacha bibi harusi nyumbani. Hivyo ndivyo desturi ilivyokuwa. Misheni ilipokwisha Merle akamfuata, nao wakabaki Ulaya ili mume aendelee na masomo: Erlangen, Vienna, kisha Strasbourg nchini Ufaransa. Ujerumani ya siku zile ilikuwa inaelekea mikononi mwa Hitler.

Huko Strasbourg mwaka 1933 alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu mbinu za Max Weber, mwanasosiolojia Mjerumani, chini ya Maurice Halbwachs. Halbwachs huyo ndiye aliyekuja kufia katika kambi ya mateso ya Buchenwald mwaka 1945. Tasnifu ya Bennion ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za Kiingereza kumchambua Weber kwa kina. Angeweza kugombea kiti katika chuo chochote kikubwa cha Marekani. Badala yake alirudi Utah wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ajira hakuna, na alichopata kwanza ni kazi ya kusimamia elimu kwenye kambi za serikali za vijana wasio na kazi.

Nasisitiza habari ya Weber kwa sababu naamini ndiyo ufunguo. Weber aliandika sana juu ya kuhani na nabii. Kuhani analinda desturi na taasisi. Nabii anasimama mbele ya taasisi hiyo na kuikumbusha kwa nini ilianzishwa. Mtu aliyekaa miaka na mawazo hayo hawezi tena kudhani kwamba kila desturi ya kanisa lake imeshuka kutoka mbinguni. Anajifunza kuuliza ilianza lini, nani aliianzisha, na inamfaa nani. Bennion alirudi nyumbani na maswali hayo, lakini alirudi pia na imani yake ikiwa nzima, na ni watu wachache sana ninaowafahamu waliofanikiwa kubeba vyote viwili bila kimoja kukila kingine.

Katikati ya miaka ya 1930 Kanisa lilimpa kazi ya kuanzisha chuo cha dini kando ya Chuo Kikuu cha Utah. Chuo cha namna hiyo kina utaratibu wake: mwanafunzi anasoma fizikia au sheria katika chuo kikuu cha serikali, kisha anavuka barabara kwa hiari yake kwenda kujifunza dini kwenye jengo la Kanisa. Hakuna anayemlazimisha. Mwalimu akichosha, viti vinabaki vitupu. Viti vya Bennion vilijaa. Wanafunzi walimletea maswali waliyotoka nayo darasani, juu ya mageuzi ya viumbe, umri wa dunia, historia ya Biblia, na yeye hakuwakemea kwa kuuliza. Aliandika pia vitabu vya masomo ambavyo Kanisa lilivitumia kote. Andiko alilolipenda kuliko mengine lilikuwa Mika 6:8, lile linalouliza Bwana anataka nini kwako, “ila kutenda haki, na kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako.”

Mwanafunzi akiuliza habari ya Weusi na ukuhani, hapo ndipo walimu walipotengana. Agosti 1954, kwenye mkusanyiko wa walimu wa dini katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, mtume Mark E. Petersen, mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa, alitoa hotuba ndefu akitetea katazo na hata utengano wa rangi, akiueleza kwa yale yaliyotokea kabla ya kuzaliwa. Bennion hakuwa kiongozi wa kumjibu mtume, lakini msimamo wake ulijulikana kwa wenzake na kwa viongozi: hakuona namna ya kulipatanisha katazo hilo na Mungu asiyependelea watu. Kitabu cha Mormoni chenyewe, andiko takatifu la Kanisa hilo, katika 2 Nefi 26:33, kinasema Mungu hamkatai yeyote anayekuja kwake, awe mweusi au mweupe, mtumwa au huru. Bennion alianza na jambo hilo la msingi, kisha akakataa kulipindisha ili litoshee desturi.

Watu hudharau kukataa kwa namna hiyo kwa sababu hakuna kelele ndani yake. Mimi nasema ni kazi ngumu mno. Mwalimu wa dini analipwa kutoa majibu. Mwanafunzi amekaa mbele yako, ana wasiwasi, na wewe unalo jibu mfukoni ambalo wakubwa wako wameshalibariki. Ukimpa atatulia, na bahasha ya mwisho wa mwezi itakuja kama kawaida. Kinachopotea ni heshima ya mtu ambaye hata hayupo chumbani, Mweusi fulani ambaye hujawahi kukutana naye. Uongo wa kidini unaishi vizazi na vizazi kwa kupitia walimu wema kabisa wanaotoa jibu lililo tayari. Bennion hakulitoa.

Mwaka 1962 aliondolewa kwenye uongozi wa chuo alichokijenga kwa mikono yake, pamoja na mwenzake T. Edgar Lyon. Elimu ya Kanisa wakati huo ilikuwa chini ya Ernest L. Wilkinson, rais wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, aliyetaka walimu wa msimamo mkali zaidi. Bennion alipewa nafasi nyingine asizozitaka, akajiuzulu, na Chuo Kikuu cha Utah kikampokea kama msaidizi wa mlezi wa wanafunzi na mwalimu wa sosiolojia. Wanafunzi wake wa zamani walilalamika sana. Yeye aliendelea kwenda kanisani Jumapili.

Najua watakaosema alipaswa kuondoka, apige kelele, aandike magazetini. Hoja hiyo naiheshimu, hasa inapotoka kwa Mmarekani Mweusi ambaye aliishi nje ya mlango huo wakati Bennion yuko ndani. Miaka ile waandamanaji Weusi walikuwa wakishambuliwa kwa mbwa na mabomba ya maji huko Birmingham, jimbo la Alabama, na upole wa profesa mmoja wa Utah ulikuwa na mipaka yake. Lakini waliopiga kelele kutoka nje hawakuwa na uwezo wa kumfikia kijana wa Kimormoni mwenye umri wa miaka 19 aliyeamini kwamba kila mpinzani ni adui wa imani. Bennion alimfikia. Alimwonyesha kwamba unaweza kulipenda Kanisa, ukalifanyia kazi, na bado ukasema jambo hili haliwezi kuwa la Mungu. Darasani mwake walipita maelfu ya vijana.

Halafu kuna sehemu ya pili ya maisha yake, ambayo waandishi wengi huiweka kama kiambatisho na mimi naona ni mwendelezo wa darasa lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha ranchi ya wavulana katika bonde la Teton, jimbo la Idaho. Watoto wa mjini walipelekwa kule kiangazi, wakachimba mashimo ya nguzo, wakajenga uzio, wakafyeka magugu, na wakaenda kwa wajane wa bonde kupaka rangi nyumba na kutengeneza mapaa. Jioni walikaa na mzee wakizungumza mambo ya maisha. Mtu mwenye udaktari wa Strasbourg, amepiga magoti kwenye udongo akimfundisha mtoto wa miaka 14 kusimamisha nguzo wima. Mwaka 1972 akawa mkurugenzi wa baraza la huduma za jamii la Salt Lake, akashughulika na chakula cha maskini, wazee wasio na wa kuwatazama na walemavu, na aliendelea na kazi hiyo hadi umri wa karibu miaka 80. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Utah kilianzisha kituo cha wanafunzi kujitolea na kukipa jina lake. Alifariki Februari 1996.

Katazo liliondolewa Juni 1978, Rais wa Kanisa akiwa Spencer W. Kimball. Lakini maelezo hayakuondoka nalo siku ile, na hili ndilo linalothibitisha kwamba Bennion aliona mbali. Sheria hufutwa kwa tangazo moja. Nadharia zilizofundishwa darasani hubaki kwenye daftari za wanafunzi. Februari 2012, miaka 34 baadaye, profesa wa dini wa Chuo Kikuu cha Brigham Young alinukuliwa na gazeti la Washington Post akitetea katazo lile kwa hoja za aina ile ile, na Kanisa likalazimika kutoa tamko la kumkana. Mwaka uliofuata, 2013, Kanisa lilichapisha andiko rasmi likikataa nadharia zote za laana na za makosa ya kabla ya kuzaliwa. Yaani lilifika mahali ambapo mwalimu wake mmoja alikuwa amesimama tangu miaka ya 1950, na ambapo kusimama kulichangia kumpotezea kazi.

Leo Kanisa hilo lina hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025. Wavulana wa Kikongo na wa Kikenya wenye miaka 12 wanashika sinia za sakramenti, na ndoa zinafungwa ndani ya kuta ambazo Jane Manning James aliziomba hadi kufa. Vijana hao wataulizwa na jirani zao, Wakatoliki, Waislamu, Walokole: si ninyi ndio mliotubagua? Wanastahili jibu la kweli, na jibu hilo halikamiliki kwa kutaja 1978 na kunyamaza. Waambiwe habari za Elijah Abel. Waambiwe nadharia zile zilikuwa nini, nani alizifundisha, na kwamba Kanisa lenyewe limezikataa. Na Lowell Bennion awekwe kwenye masomo ya dini ya vijana wa Nairobi, Lubumbashi na Dar es Salaam kwa jina lake kamili, pamoja na mwaka alioondolewa kazini na mambo aliyoyasimamia.