Manda hadi Malindi, dakika 25 za nani?

Mpwa wangu aliyekulia Nairobi kaja Amu, yaani Lamu, likizoni, na juzi akanitolea simu. "Mjomba, kumbe Malindi ni hapo tu! Kilomita 140, dakika 25 kwa ndege."

Hesabu haina kosa. Kutoka kiwanja chetu cha ndege cha Manda hadi kile cha Malindi, ukipiga mstari mnyofu, ni kama kilomita 140, na ndege ndogo hizi za watu 12 hukimbia kilomita 300 kwa saa na ushei. Ila hakuna mtu anayeishi kiwanjani. Mimi naishi Langoni, mtaa wa mji wa Amu.

Safari yangu ya mwisho, tikiti ilisema saa nne asubuhi. Saa mbili kasorobo nilikuwa gatini natafuta boti, maana Manda ni kisiwa kingine na ndege haingoji nahodha amalize chai. Tulivuka, tukakuta maji yamekupwa na ngazi za gati la upande wa pili zina utelezi wa ukoga. Kuli akapokea kikapu changu cha maembe kabla hakijaenda kwa samaki. Kisha mizani: mwisho kilo 15, mimi nina 19. Embe zilizozidi nikawagawia makuli, wakaniombea dua nzuri sana. Saa nne ikawa saa tano na nusu, wala hakuna aliyetueleza kwa nini.

Angani, nakiri, ni raha. Kwa dirisha la kulia utaona Kipini, pale Mto Tana unapomwaga maji yake ya udongo baharini, na kabla hujashiba kutazama mnashuka. Nilibisha hodi kwa dadangu saa sita na nusu. Karibu saa tano nzima kwa safari ya dakika 25! Basi la kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa njia ya Witu na Garsen, lingenichelewesha saa moja hivi zaidi, na embe zangu zote ningefika nazo.

Siidharau ndege. Aliyekuwa akisafiri njia ile baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, mabasi yakienda kwa msafara wa polisi, anajua thamani ya kupita juu. Na mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipoikata barabara, ilikuwa ndege au ukae kwako.

Kinachonikera ni siku isiyokuwa na ndege ya moja kwa moja. Hapo simu hiyo hiyo ya mpwa wangu inakushauri upitie Nairobi. Yaani upande bara kilomita 470 hivi, ushuke tena pwani kilomita nyingine 420, ulipie mara mbili, ulale njiani pengine, ili ufike kwa jirani. Wanaopanga safari za ndege nchi hii kibla chao ni Nairobi. Kwamba mtu wa Amu ana harusi, mgonjwa au deni Malindi, halimo katika hesabu zao. Wazee wetu walingoja upepo wa kaskazi, wakatweka tanga na kushuka Malindi bila kupitia Nairobi.

Alhamisi nashuka tena, kwa ndege. Dadangu kauliza nitafika saa ngapi, nimemwambia aniwekee chakula cha mchana, asingoje kunipakulia. Embe nimezipima mwenyewe dukani kwa jirani: kilo 14.