Umekichukia Kitabu? Taja Ukurasa

"Kinachosha." "Nimelia." "Mwisho umeniudhi." Ndivyo wasomaji wengi wanavyozungumzia vitabu, na sina ugomvi nao. Mwaka 1949 wahakiki wawili wa Marekani, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walidai kwamba kupima shairi kwa hisia linazomwachia msomaji ni kosa, kwa kuwa shairi lenyewe hutoweka zikabaki hisia tupu. Hoja yao naielewa, ila siifuati. Aliyelia amelia, na kuna kitu kwenye karatasi kilichomliza. Akitafute. Aliyechoka naye atuonyeshe alipoanza kusinzia.

Ninachodai ni hiki: maoni yoyote juu ya kitabu yaambatane na namba ya ukurasa, kisha yapimwe kwa ahadi ya utanzu wa kitabu hicho, yaani aina yake. Malalamiko mengi ni ya msomaji anayekidai kitabu deni ambalo hakikukopa.

Vifaa ni penseli na kikaratasi cha kuwekea alama. Ukijikuta umeruka aya, umerudi nyuma kusoma tena, umecheka peke yako au umehesabu kurasa zilizobaki, andika namba ya ukurasa na neno moja au mawili. Hilo la kuhesabu kurasa lina sura mbili, maana mtu huhesabu kwa uchovu na huhesabu pia kwa hofu kwamba utamu unakwisha, kwa hiyo taja ni lipi. Usianze kueleza. Maelezo yakianza mapema hugeuka hukumu, na hukumu ya ukurasa wa 40 itakufanya usome zote zinazofuata ukitafuta ushahidi wa kuitetea. Ukimaliza kitabu acha siku ipite, halafu rudi kwenye kurasa ulizoziandika tu. Mara nyingi alama hukusanyika mahali pamoja. Ukiwa na alama sita za uchovu na tano zikawa kwenye mazungumzo marefu ya wahusika wawili, basi kilichokuchosha ni mazungumzo. Kitabu kizima umekisingizia.

Riwaya ya upelelezi ndiyo inayojibu vizuri zaidi uchunguzi wa namna hii, kwa sababu ahadi yake iko wazi: msomaji apewe nafasi ya haki ya kushindana na mpelelezi. Ronald Knox, kasisi na mwandishi wa Uingereza, aliiweka ahadi hiyo katika kanuni 10 mwaka 1929. Mojawapo inataka mhalifu atajwe mapema katika hadithi, na nyingine inamkataza mpelelezi kuficha dalili aliyoiona. Kwa hiyo anayesema "nimedanganywa" anaweza kuthibitisha. Tafuta ukurasa ambapo jina la mhalifu linatokea mara ya kwanza. Likiwa kwenye theluthi ya mwisho ya kitabu, kasirika, una haki. Kisha chukua dalili zote ambazo mpelelezi anazitaja mwishoni, ufuatilie kila moja ilikotokea. Nyingi utazikuta zimewekwa peupe. Dalili ya kweli hupenda kukaa katikati ya orodha, ikawa kitu cha tatu kati ya vitano vilivyokuwa mezani, au hutangulia kwa sentensi moja tu kabla mlango haujabamizwa, jicho likakimbilia kishindo. Huo ni ufundi, na aliyenaswa nao hajaibiwa kitu. The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1926, ilizusha ubishi kuhusu jambo hilihili. Anayeirudia akiwa anajua jibu hukuta sentensi zinazosema kweli tupu bila kusema yote.

Lalamiko la kinyume, "nilimjua mhalifu mapema", nalo lisiachwe hivihivi. Ulimjua kwa dalili, au kwa sababu alikuwa mhusika pekee asiye na kazi nyingine hadithini? Kama ni kwa dalili, hongera. Kama ni kwa sababu ya pili, umegundua kasoro ya msuko: mwandishi amemwingiza mtu ambaye bila kufichuliwa hana faida yoyote.

Riwaya ya mapenzi hailaumiwi kwa kuwaunganisha wapenzi. Kitazamwe kikwazo kinachowatenganisha. Kama mazungumzo ya dakika tano yangekiondoa na hakuna sababu ya msingi inayowazuia wasizungumze, basi uchovu ulioupata katikati ya kitabu ni halali. Kwenye hadithi za kutisha, tenganisha hofu na kinyaa. Hofu hukua kabla jambo halijaonekana, kinyaa huja likishaonekana; ukiona alama zako zote zimeangukia kurasa za damu na hakuna hata moja kwenye kurasa zilizotangulia, mwandishi amekuchefua tu, hajakutisha.

Wanaoacha bunilizi ya kisayansi huiacha kwenye kurasa 50 za mwanzo, na sababu huwa majina: sayari, mashine, vyeo, koo. Ugumu huo ni ada ya kiingilio, uvumilie kidogo. Kisichovumilika ni kitabu kuvunja sheria zake chenyewe. Mwaka 1817 Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Uingereza, aliandika kwamba msomaji huiweka kando kwa hiari ile tabia yake ya kutoamini, na kwa kweli msomaji ni mkarimu: atakubali chombo kinachohitaji miezi sita kuifikia sayari ya jirani. Chombo hichohicho kikifika kwa siku mbili katika sura ya 12 kwa sababu tu mhusika mkuu yuko hatarini, ukarimu unaisha. Andika kurasa zote mbili, ile ya miezi sita na ile ya siku mbili. Hakuna atakayekubishia.

Ushairi ndio mgumu. I. A. Richards, mhakiki wa Uingereza, aliwagawia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi, wakaandika maoni yao, naye akayachambua katika kitabu alichokichapisha mwaka 1929. Alihesabu vikwazo 10 vya usomaji, na viwili kati ya hivyo bado vinatutesa. Kimoja ni kumbukumbu binafsi: shairi lataja mto, wewe wakumbuka mto wako, na kuanzia hapo unasoma maisha yako. Kingine ni hisia za mazoea. Mama, kifo, yatima, taifa. Maneno haya yana machozi yake tayari, na mtunzi mvivu huyakopa. Kuna kipimo rahisi. Funika neno lenyewe kwa kidole, usome beti iliyobaki. Kama hakuna picha, sauti wala kitendo kinachobaki kukugusa, kazi yote ilifanywa na neno moja.

Halafu kuna sikio. Shairi la mapokeo lisomwe kwa sauti, tena polepole. Sikiliza mshororo huu: "Usiku mvua ikija, bati lote huitika." Mizani, yaani silabi, ni 8, kisha mizani 8. Sasa weka "Usiku mvua inapokuja" mahali pa kipande cha kwanza. Maana ni ileile lakini mizani imekuwa 10, na ulimi unajikwaa. Msomaji asiyejua kuhesabu mizani husema "hapa shairi limelegea", na yuko sahihi. Anachokosa ni kidole cha kuonyeshea tu. Kabla ya kumhukumu mtunzi, tazama kama maana nayo inavunjika mahali hapohapo, kwani pengine amejikwaza kwa makusudi. Na kama ni shairi huru, mizani haikuahidiwa. Kichomi, kitabu cha mashairi cha Mtanzania Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, kilikataliwa na baadhi ya wasomaji kuwa si ushairi, kwa sababu walikipima kwa vina na mizani ambavyo mtunzi alikuwa ameviweka kando kwa makusudi. Wangeweza kuuliza mistari ile inakatwa wapi na kwa nini, na bado wakaichukia.

Tamthilia ikionekana kavu kwako, isomeni watu wawili kwa sauti, maelekezo ya jukwaani yakiwemo, kisha useme tena. Kitabu cha ushauri kisitolewe maoni siku ya kukimaliza, maana siku hiyo kila mtu ana ari; subiri wiki mbili, uandike ni shauri lipi ulilotekeleza na liliposhindikana. Kwenye tawasifu, kumchukia mtu si kukichukia kitabu chake. Wakati mwingine chuki hiyo ni dalili kwamba amejiandika bila kujipamba.

Nyota tano ziacheni kwa wenye haraka. Kwa aliyekiacha kitabu njiani, aseme tu ameishia ukurasa wa ngapi kati ya ngapi. Na kama ni tafsiri, ataje jina la mfasiri: sentensi nzito anazomlaumu nazo mwandishi huenda mwandishi hakuziandika.